Visigino vya Jozi Moja

Mgeni alipiga hodi mara moja tu, akanyamaza. Majirani wa Masasi hupiga hodi huku mguu mmoja umeshaingia uani, kwa hiyo Julia alijua kwamba huyu ametoka mbali.

"Karibu," alisema, lakini hakuinua macho. Muhuri ulikuwa umekwisha kuchovywa kwenye wino mwekundu, na muhuri ukishachovywa haumngoji mtu. Aliukandamiza juu ya karatasi, akahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, akauinua taratibu. Nyota ikatokea, nyekundu, ncha zake zote sita zimetimia. Ndipo alipomtazama mgeni.

Alikuwa mzee mrefu, mwenye chale mashavuni na koti lililojaa vumbi la safari. Begani alining'iniza mkoba wa ukindu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Ndipo kwa marehemu Mwalimu Cuthbert hapa?"

"Ndipo hapa. Mama! Tuna mgeni!"

Mama yake, Isabela, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alimkaribisha mzee kiti barazani, akamwuliza atokako. Aliposikia Newala uso wake ulichangamka, maana yeye alikuwa Mmakua, na Mmakua akimpata Mmakonde hamwachi hivi hivi.

"Mmakonde wa juu! Julia, mletee mtani wangu maji upesi. Huko kwao mvua ikinyesha wanaikinga hata kwa viganja."

"Sisi maji tunayafuata bondeni, mama," mzee akajibu bila kucheka. "Ninyi yanawafuata mpaka mlangoni, na bado mnaoga Jumamosi kwa Jumamosi."

Isabela alicheka mpaka akashika kiuno, akarudi jikoni kuangalia chungu chake. Julia alileta maji. Mzee alikunywa polepole, kama anywavyo mtu ajuaye thamani ya maji, huku akizitazama kadi zilizoanikwa barazani, mistari minne, kumi kumi.

"Hizi ndizo kadi za Noeli zinazosemwa?"

"Ndizo, baba. Za wagonjwa wa hospitali ya misheni. Kila kitanda kadi moja."

"Mbona zote nyota tupu?"

Julia alitabasamu. Alipenda kuulizwa swali hilo. "Bado hazijakwisha. Hii ni nusu. Mimi ninapiga nyota, na chini yake inapigwa nyumba, na chini ya nyumba neno NOELI. Nyumba iko Newala."

"Nyumba iko Newala," mzee alirudia taratibu.

"Muhuri wa nyumba, yaani. Nikimaliza nyota nazifunga, nazipeleka kwa lori. Yeye anapiga nyumba kwa wino mweusi, ananirudishia. Kadi haitoki kwetu na muhuri mmoja. Tulikubaliana hivyo."

"Yeye nani?"

"Mwalimu mmoja wa shule ya Mkunya." Julia aliinama, akajifanya anatengeneza kitambaa cha wino, lile tambara lililolowa rangi nyekundu ya mbegu za mzingifuri. "Mwalimu Nikolao. Labda unamjua?"

"Namjua."

"Kweli, baba?" Macho yake yaling'aa. "Mzima? Hajakonda? Akipata kazi nyingi husahau hata kula. Nilimwandikia wiki tatu zilizopita hajajibu, nikasema bila shaka ni mitihani ya watoto."

Mzee aliiweka kata chini. "Mzima."

"Mungu asifiwe." Na kwa furaha ya kumpata mtu aliyemwona Nikolao kwa macho, Julia akaendelea kusema, maneno yakimtoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuchonga, unajua? Muhuri wangu wa kwanza nilichonga NOELI kama inavyoandikwa, kutoka kushoto. Nilipoupiga ukatoka kinyume. Siku hiyo yeye alikuwa bado anasomea ualimu hapa, akaja kuomba kadi ya kumpelekea mama yake. Akaishika, akasoma kwa sauti mbele ya watu, 'I-le-o-ni. Dada, hii ni sikukuu gani?' Nilitaka kumpiga nayo."

Mzee alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia kana kwamba amelionea haya.

"Basi akakaa hapo ulipokaa wewe, akanionyesha. Muhuri unachongwa kinyume ili useme sawasawa. Mpaka leo ananiita Ileoni. Tukakata visigino vya viatu vya marehemu baba yangu, jozi aliyoivaa miaka tisa akienda darasani. Kisigino kimoja changu, kimoja chake. Naye akasema..." Aliangalia jikoni, akapunguza sauti. "Akasema siku moja visigino hivi vitakaa tena nyumba moja."

Jogoo alipita katikati ya kadi, na hakuna aliyemfukuza.

Mzee aliuvuta mkoba wake, akaingiza mkono, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikifungua juu ya mkeka. Kilikuwa kipini cha mpingo kilicholainishwa kikawa kama kioo, na chini yake kisigino cheusi cha mpira. Nyumba ndogo. Herufi tano, zote kinyume, hakuna hata moja iliyokosewa.

"Mwanangu," alisema, "mimi naitwa Barnaba. Mama yake Nikolao alikuwa dada yangu."

Mjomba. Julia hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao kama kwa Wamakonde, harusi haikuwa harusi mpaka mjomba aseme ndiyo. Alijiona jinsi alivyokuwa akibwabwaja, akataka ardhi immeze.

"Dada yangu alifariki mwezi wa nne," Mzee Barnaba aliendelea. "Alipokuwa anakata roho alimshika Nikolao mkono huu, na binti yangu Dominika mkono huu. Akamwomba amwoe binti ya mjomba wake, nyumba isitawanyike. Nikolao akasema, ndiyo, mama. Matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Jumapili hii ni ya tatu."

"Amekupa mwenyewe muhuri huu?"

"Amenipa mwenyewe."

"Kwa mkono wake?"

"Nilimwambia nenda wewe. Akasema miguu imekataa."

Isabela alikuwa amesimama mlangoni. Hawakujua tangu lini. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Mzee mzima," alisema, sauti ikitetemeka, "unakuja nyumbani kwa mjane peke yako, bila mshenga, bila mtu wa kukaa nawe, unamwachia mtoto wangu maneno haya kama unamwachia barua?"

"Kuposa hutumwa mshenga, mama," Barnaba akajibu. "Kumwumiza mtoto wa watu niliona si kazi ya kumtuma mtu."

Mzee aliinuka, akajikung'uta vumbi, akamgeukia Julia.

"Nilitegemea kukuta msichana mwenye kiburi. Ingekuwa rahisi. Sasa naondoka na mzigo mzito kuliko niliokuja nao. Nina ombi moja. Sina haki ya kukukataza, naomba tu. Mwaka huu usipande Newala. Dominika hajui habari zako. Mwache aolewe bila kujua."

Julia alizungumza kwa taabu. "Kuna mtu huko nilimwahidi, baba. Si Nikolao."

"Huwezi kumtuma mtu?"

"Nilimwahidi kwa mkono wangu."

Mzee Barnaba alivaa kofia yake, akaaga, akaenda zake, na Julia akabaki na kadi arobaini zenye nyota, na nyumba iliyorudishwa.

*

Kadi za wagonjwa hazikuwa na kosa. Kesho yake Julia alikoroga wino mweusi wa shule, akaushika muhuri wa Nikolao kwa mara ya kwanza tangu auchonge yeye. Kipini kilikuwa kimelika kidogo pale kidole gumba cha Nikolao kilipozoea kukaa. Julia aliweka kidole chake papo hapo, akapiga nyumba ya kwanza.

Alipiga arobaini. Machozi yakidondoka aligeuza uso pembeni ili yasiharibu karatasi. Alipomaliza aliona jambo lililomwumiza kuliko yote: kadi zilikuwa nzuri. Nyota ilikaa barabara juu ya paa. Mtu asiyejua asingegundua kwamba safari hii zimepigwa na mkono mmoja.

Kisha akamkumbuka Mama Bwanali.

Noeli iliyopita kwaya ya Masasi ilialikwa Newala. Jua lilikuwa kali, na Julia alikuwa na kiu ambayo hakuthubutu kuitaja, kwa kuwa alijua maji ya huko hubebwa kichwani kutoka bondeni. Bibi mmoja Mwislamu, jirani wa Nikolao, alimwita uani kwake akampa kata nzima. Aliziona kadi mkononi mwake, akazisogeza karibu na jicho, karibu kabisa.

"Hii nyota na nyumba ni mambo yenu Wakristo," alisema. "Mimi nipigie jina langu tu."

"Mama Bwanali?"

"Hilo jina la mwanangu, mjukuu wangu. Mimi naitwa Kibibi. Tangu nimzae Bwanali hakuna aliyeniita hivyo, ila mama yangu na mume wangu. Wamekufa wote, nalo jina wamekwenda nalo. Sijawahi kuliona limeandikwa. Macho yangu yanaingia ukungu. Nataka nilione kabla hayajafunga."

Julia, aliyekuwa na furaha siku ile hata angeahidi mvua, alimshika mikono. "Noeli ijayo nitakuletea jina lako, bibi. Kwa mkono wangu."

Sasa Noeli ijayo ilikuwa imefika. Alijaribu kuchonga KIBIBI kwenye mpira wa ndani wa tairi. Ulikuwa mwembamba, herufi zikapasuka. Alijaribu kipande cha tairi lenyewe. Kilikuwa na nyuzi, wembe ukavunjika. Akashika muhuri wake wa nyota, akang'oa kipini, akatazama mgongo wa kisigino. Baba yake alikuwa akitembea kwa kulemea mguu wa kulia, na kisigino cha kulia kilikuwa kimelika. Nyota ilikuwa imechukua unene wote uliobaki.

Kilichokuwa na unene wa kuchongwa pande mbili ni cha kushoto. Cha Nikolao.

"Hicho kisigino cha baba yako," mama yake alisema alipomwona ameshika wembe.

"Najua, mama."

"Na ndicho kitu pekee ulichobaki nacho cha yule kijana."

"Najua."

"Basi mtengenezee bibi wa watu kadi ya kawaida, umpe dereva wa lori. Mtu haoni vizuri, atajuaje? Ukipanda Newala wiki hii watasema binti ya Mwalimu Cuthbert amekwenda kumlilia mwanamume."

"Waseme, mama. Nikolao alisema neno akalirudisha kwa mkono wa mjomba wake. Nami nikirudisha la kwangu kwa mkono wa dereva, nitakuwa na tofauti gani naye?"

Isabela alikaa mkekani kando yake, akamshikia kisigino kisiteleze. Julia alichonga mgongo wake, herufi sita, kinyume, kutoka kulia. Alipomaliza herufi ya mwisho alichukua gundi ya mkorosho, akaipaka kwenye kile kipini cha mpingo alichokuwa amekibandua, akakigandisha tena. Lakini safari hii aligeuza. Nyumba na NOELI yake viliingia ndani, vikashikamana na mti. Jina likabaki nje.

Mama na binti walikaa wakikandamiza mpaka gundi ikakauka.

*

Ijumaa alipanda lori la korosho lililokuwa likirudi Newala tupu. Lilipoanza kukwea mlima upepo ulibadilika ukawa wa baridi, na mikorosho ikaanza kujipanga barabarani. Kila mwaka moyo wake ulikuwa ukirukaruka mahali hapo. Leo ulikaa tu, kama abiria aliyelala.

Nikolao alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ghala la korosho, kana kwamba wiki nzima kila lori lililopanda alilipokea yeye. Alikuwa amekonda.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kwa Mama Bwanali."

"Ileoni..."

"Usiniite hivyo barabarani. Watu wananijua kwa jina la Julia."

Alimpokea kikapu, Julia akakirudisha mkononi mwake. Walitembea kando kando, hatua mbili zikiwatenganisha, wakijibu shikamoo za watoto na kuwaamkia wazee kama watu wasio na lolote.

"Julia, nisikilize. Jumapili ni tangazo la tatu. Padri atauliza kama kuna mtu mwenye kizuizi. Ukisimama ukasema neno moja tu, nami nitasimama."

Julia alisimama papo hapo, katikati ya njia. "Nisimame kwanza mimi?"

"Mimi nilimwambia mama ndiyo. Alikuwa anakufa, Julia. Ningesemaje? Siwezi kuwa wa kwanza kulivunja."

"Kwa hiyo mimi niwe mwizi, wewe uwe mzigo ulioibwa."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Kwa maneno mengine tu." Sauti yake ilianza kukatika, akaikaza. "Mama yako alifariki mwezi wa nne. Nilikuandikia pole. Mwezi wa sita ukanijibu, 'Ileoni wangu.' Mwezi wa tisa, 'Ileoni wangu, Noeli i karibu.' Miezi yote hiyo ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa natafuta njia."

"Njia ya kwenda wapi? Una mikono ya ajabu, Nikolao. Unachonga herufi tano kinyume, hukosei hata moja. Neno moja la kuniambia sawasawa ndilo lililokushinda?"

Nikolao alifunika uso kwa viganja. Mwalimu wa watoto sitini, analia njiani mchana kweupe. Julia alitamani kuiondoa mikono ile na kumfuta machozi kwa kanga yake. Vidole vyake vilikwisha kuinuka. Akavirudisha kwenye mpini wa kikapu.

"Nakupenda," Nikolao alisema.

"Najua. Laiti ungekuwa hunipendi! Ningekuwa nimeshafika kwa Mama Bwanali, nimeshakunywa maji, nimeshapumzika." Alivuta pumzi. "Ulimwahidi mama yako. Basi timiza. Lakini utimize yote. Usimpe yule binti kadi yenye muhuri mmoja."

"Na wewe?"

"Mimi nina ahadi yangu."

"Muhuri wangu... unao?"

"Niliupokea. Sasa ni wa mtu mwingine."

Alimwacha amesimama, akaenda. Hakugeuka nyuma, si kwa ujasiri. Alijua tu kwamba akigeuka hatafika.

*

Uani kwa Mama Bwanali palikuwa na msichana mnene kidogo, mwenye uso wa upole, akimimina maji kutoka ndoo kichwani kwenda mtungini. Hakumwaga hata tone. Alipomwona mgeni alipiga goti.

"Shikamoo, dada. Karibu. Bibi yuko ndani, ngoja nimtoe juani. Mimi Dominika, binti Barnaba."

Julia aliitikia. Hata leo hakumbuki aliitikia nini.

Dominika alimtoa bibi kwa kumshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda, kisha akachota kata ya maji akamletea Julia kwa mikono miwili. Yalikuwa ya baridi, yenye ladha ya udongo wa bondeni. Julia aliyanywa yote, maana kuyabakiza kungekuwa dharau kwa shingo iliyoyabeba.

"Nani huyu?" Mama Bwanali aliuliza. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe sasa.

"Ni mimi, Julia wa Masasi, bibi. Yule wa kadi."

"Yule wa kadi!" Bibi alinyoosha mikono hewani mpaka akampata. "Nilijua utakuja. Huyu Dominika nilimwambia, akasema bibi, watu wa kwaya huahidi mengi wakishashiba."

Dominika alicheka kwa aibu. Kisha akasogea karibu na Julia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ninyi mmesoma. Naomba nikuulize neno. Mimi niliishia darasa la pili. Ileoni ni nini?"

Kikapu kilitaka kumponyoka Julia.

"Umeliona wapi?"

"Kwa mwalimu, pale ng'ambo. Ameichonga kwa kisu nyuma ya mlango, I, L, E, O, N. Nilikwenda kufagia nikaiona. Nikamwuliza, akasema ni jina la mahali. Nikauliza ni mbali? Akatoka nje, hakunijibu." Alikunjakunja ncha ya kanga. "Wiki mbili zijazo nitakuwa mke wake. Nisingependa kuwe na mahali nisipopajua."

Neno lilikuwa mdomoni mwa Julia. Lingetosha moja. Lingemfikia mjomba jioni ile, na kanisa zima Jumapili, na mtu asingehitaji kusimama. Alimtazama Dominika, shingo yake iliyolowa maji, macho yake yaliyokuwa yakingoja jibu kwa imani kama mtoto wa shule.

"Si mahali," alisema. "Ni Noeli, imekosewa. Mtu akianza kujifunza kuchonga mihuri huandika hivyo, kinyume. Ni kosa la mwanzo tu."

"Alaa! Kumbe kosa?" Uso wa Dominika ulifunguka. "Basi nitaikwangua."

"Usikwangue, utaharibu mlango. Ipake chokaa. Itapotea yenyewe."

"Ahsante, dada." Akabeba ndoo yake tupu, akaenda zake bondeni akiimba kidogo kidogo.

Julia alipiga magoti mbele ya Mama Bwanali. Alitoa muhuri, na kitambaa cha wino mweusi, na kadi moja nyeupe isiyo na nyota.

"Nimechelewa, bibi. Macho yamefunga."

"Nipe. Vidole havijafunga."

Julia aliuweka muhuri kiganjani mwake. Kidole cha bibi kilipita juu ya mpira, polepole, kikipanda na kushuka kwenye kila herufi.

"Zimegeuka," Julia alimweleza. "Jina lako linaanzia huku, kulia. Kwenye karatasi ndipo litakapokaa sawa. Ukitaka, utajipigia mwenyewe kila siku."

"Hii laini huku juu ni mti gani?"

"Mpingo."

"Aliyeilainisha alikuwa na subira." Kidole kilifika pale kwenye gundi. "Na hapa, mpira ulipoungana na mti, upande wa ndani kuna nini?"

Ng'ambo ya njia mlango wa nyumba ya mwalimu ulifunguliwa. Mtu alitoka, akasimama kizingitini. Julia alimwona kwa pembe ya jicho, na hakugeuza kichwa.

"Hakuna kitu, bibi. Gundi tu."

Alimshika mkono, wakachovya pamoja, wakakandamiza pamoja. Moja, mbili, tatu. Jina lilitokea jeusi katikati ya karatasi nyeupe. Mama Bwanali aliinua kadi mpaka ikagusa kope zake, akaigeuza upande wa jua, akaihamisha jicho hili na jicho hili.

"Naona giza mahali," alisema. "Dogo, lina miguu. Ndimi huyo?"

"Ndiwe huyo."

"Niite basi, nisikie kama linaitika."

Julia hakuwahi kumwita mtu mzima wa umri ule kwa jina lake tupu. Mama yake angemfinya. Lakini alikuwa ameahidi jina, na jina lisiloitwa ni wino tu. Mtu wa kizingitini alikuwa bado amesimama, na Julia alijua kwamba akifungua kinywa sauti yote ya machozi itasikika mpaka ng'ambo. Akakifungua.

"Kibibi!"

Bibi alikaa wima kwenye kigoda, kadi kifuani, uso wake mzee umeelekea mahali sauti ilipotoka.

"Abee!" aliitikia upesi, kwa sauti nyembamba ya msichana aliyeitwa na mama yake.